Umekaa Kitui ama Makueni Miaka Saba? Hivi Ndivyo Ukaazi wa Kudumu Hufanya Kazi

Chukua msee aliyekuja 2018 kufanya job kwa Bwawa la Thwake, pale Makueni na Kitui zinapopakana. Ameleta bibi, watoi wanasoma Wote, na muthokoi anakula kuliko wewe. Miaka saba imeisha. Anaweza kuomba ukaazi wa kudumu?

Jibu liko kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Inataka uwe umeshika kibali cha kazi angalau miaka saba, na ile mitatu ya mwisho kabla ya kuomba uwe umeishi Kenya bila kukatiza. Rudia hilo neno: kibali. Miaka uliyokaa bila karatasi haihesabiwi, hata kama chifu anakujua na uko kwaya ya kanisa. Tena kukaa hivyo ni kosa, faini ni hadi shilingi 500,000 ama jela hadi miaka mitatu. Kwa hivyo angalia tarehe ya kibali chako sai, si wiki ijayo.

Hapa ndipo familia hushikwa. Buda ndiye ako na kibali, mathe na watoi wako na pasi ya wategemezi. Hiyo njia ya miaka saba inataja wenye vibali vya kazi, mathe hatajwi, ingawa wamekaa siku zile zile.

Na mtoi aliyezaliwa hospitali ya Kitui? Kuzaliwa hapa pekee hakumfanyi Mkenya. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinaangalia mzazi. Kama mathe ni Mkamba wa Mwingi, mtoi ni Mkenya tangu siku ya kwanza, na buda mgeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikifikisha miaka mitatu. Uraia kwa ndoa ni miaka saba.

Wazazi wote wakiwa wageni, msikate tamaa. Kifungu cha 15 kinaruhusu mtu aliyeishi Kenya kihalali miaka saba mfululizo kuomba uraia wenyewe. Hapo kinachotajwa na Katiba ni ukaaji halali. Kuna masharti: awe mtu mzima, asiwe amewahi kufungwa miaka mitatu ama zaidi, na aelewe na kuongea Kiswahili ama lugha ya kienyeji. Eeh, Kikamba kinatosha. Yule anayebishania bei ya maembe sokoni Wote kwa Kikamba ashapita hiyo.

Lakini usichanganye hizi mbili. Ukaazi wa kudumu unakupa kuishi na kufanya kazi bila kurudia kibali kila mara. Haukupi kura wala pasipoti ya Kenya. Shamba pia, kifungu cha 65 kinasema asiye raia anapata ardhi kwa kukodi tu, mwisho miaka 99. Wenye ndoto za kumiliki shamba la maembe Makueni, mmesikia.

Maombi huenda Idara ya Uhamiaji kwa intaneti, makao yao makuu yako Nyayo House, Nairobi. Kabla uanze, tafuta pasipoti zote za zamani zenye mihuri na kila kibali ulichowahi kupewa, hata kile kilichoisha kitambo. Hizo ndizo zinaonyesha miaka yako.