Utafiti wa Sambaza

Utafiti wa sambaza ni ushirikiano baina ya wavuvi wa Ziwa Kivu na wataalamu wa eneo la Bukavu, hususan wa chuo cha ualimu cha ISP na wa kituo cha utafiti cha Lwiro, mrithi wa taasisi ya IRSAC iliyoasisiwa 1947, kuhusu sambaza (*Limnothrissa miodon*), samaki aliyehamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwa riziki ya wakazi. Wavuvi, ambao usiku huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti, wakawasha taa na kuzamisha wavu, alfajiri hutoa sehemu ya mavuno ipimwe urefu na uzito, ipasuliwe na mayai yatazamwe. Na ilimu yao ya mbalamwezi, ambayo huufifisha mwanga wa taa na kupunguza mavuno, yafaa kuzingatiwa kabla ya hesabu yoyote.