Mionzi ya Rubens na Asili ya Leza

Baina ya nuru ionwayo kwa macho na mawimbi ya redio pana eneo ambalo kwa muda mrefu wataalamu walilipita kando. Siku hizi mionzi ya eneo hilo huitwa mionzi ya terahezi, kwa kuwa hutetema mara milioni milioni na zaidi katika sekunde moja. Aghalabu hudhaniwa kuwa utafiti wake ni tawi changa la elimu ya leza. Mambo yaliyotokea Berlin katika mwaka wa 1900 yaonyesha kinyume chake.

Mwaka wa 1896 Wilhelm Wien alitoa kanuni ya kueleza jinsi mionzi ya kitu cheusi kilichopashwa moto inavyogawanyika kwa urefu wa mawimbi. Kanuni hiyo ilipatana na vipimo vya mawimbi mafupi, na Max Planck alikuwa amejitahidi kuithibitisha kwa hoja. Lakini Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum waliijaribu kwa mawimbi marefu. Waliirudisharudisha mionzi ya joto juu ya vipande vya chumvi ya mawe. Kila iliporudishwa mawimbi mengine yalififia, yakasalia yale tu ambayo chumvi huyarudisha kwa nguvu. Masalio hayo yalikuwa na urefu wa mikromita 51 hivi, yaani mawimbi 20 yakifuatana hujaza milimita 1 tu. Nayo ni karibu terahezi 6. Hapo kanuni ya Wien ilishindwa, kwani nguvu ya mionzi ilizidi sawia na joto.

Jumapili tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens na mkewe walimzuru Planck nyumbani kwake, naye akamweleza habari hiyo. Planck angeweza kuvitilia shaka vipimo, maana kazi yake mwenyewe ilikuwa hatarini. Hakufanya hivyo. Jioni ile ile alipata kanuni mpya, akampelekea Rubens kwa kadi ya posta. Tarehe 19 Oktoba aliitoa mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani. Usiku ule Rubens akailinganisha na vipimo vyake, na asubuhi akaja kusema kwamba vyapatana. Ikabaki sababu. Tarehe 14 Desemba Planck aliieleza kwa kukubali kwamba nguvu huhesabiwa kwa mafungu, si kwa mfululizo.

Mwaka wa 1917 Albert Einstein, akiifikia kanuni hiyo kwa njia nyingine, alionyesha kuwa nuru yaweza kuichochea atomu itoe nuru iliyo sawa nayo. Juu ya wazo hilo Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960. Mwaka wa 2002 wataalamu wa Italia na Uingereza walitangaza leza ya tabaka nyembamba za nusukipitishi, itoayo terahezi 4.4. Hivyo mjukuu akamzaa babu.

Rubens alifariki mwaka wa 1922, asiyaone hayo. Planck alikiri kwamba pasipo vipimo vyake kanuni ile ingalipatikana kwa njia nyingine kabisa, na labda si Ujerumani.