Tandala wa Hemingway: Waliompeleka Porini Hawana Majina

Ukitoka Iringa kwa basi kwenda Dodoma, Mtera ndipo kila aliyelala anaamka. Bwawa linang'aa pembeni, harufu ya samaki wa kukaanga inaingia dirishani, vijana wanakimbizana na gari mkononi wameshika mifuko. Dakika chache tu, safari inaendelea. Wachache humo ndani wanajua kuwa lami wanayopita ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya enzi za mkoloni, iliyokuwa sehemu ya ndoto ya kuendesha gari kutoka Cape mpaka Cairo. Ifuate bila kukata kona: Dodoma, Kondoa, Babati, mpaka Arusha. Bwawa lenyewe lilikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1970, kutunza maji ya Ruaha Mkuu yaende kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Kabla ya hapo palikuwa na vumbi, mibuyu, miiba na tandala.

Tandala usimchanganye na swala wale unaowaona wanaruka ruka pembeni ya barabara Mikumi. Huyu ni mkubwa, ana mistari myeupe mbavuni na masikio mapana yanayosikia hata jani likidondoka. Dume lake lina pembe zilizojisokota kama kizibuo cha chupa. Wazee walizitoboa wakapuliza, ndiyo baragumu hiyo. Mchana anajificha kwenye vichaka, jioni na alfajiri ndiyo anatoka. Unaweza kukaa pori moja naye wiki nzima usimwone hata mkia.

Sasa sikia. Stori hii haikutokea Mtera, ilitokea kaskazini zaidi kwenye nyanda hizi hizi za kati, ukishafika Babati unakata mashariki kuelekea Kibaya na Handeni. Ni Februari 1934. Jamaa mmoja wa Kimarekani, miaka 34, ndevu na bunduki, amechanganyikiwa kabisa kwa sababu hajapata tandala na mvua inakaribia. Mvua ikinyesha barabara zinafungwa, safari imeisha. Jamaa anaitwa Ernest Hemingway.

Wakati huo alikuwa tayari staa. Vitabu vyake vya mwaka 1926 na 1929 vilishampa jina dunia nzima. Ila mkwanja wa safari haukuwa wake. Uliotoa pesa ni upande wa mke. Pauline, mke wake wa pili, alikuwa na ami tajiri, Gus Pfeiffer, aliyewapa dola 25,000. Mwaka 1933! Watu walikuwa wanapanga foleni ya supu Marekani kwa ajili ya mdororo wa uchumi, huku mtu anatembea na bajeti hiyo kwenda kupiga wanyama. Akamchukua na mshkaji wake wa Key West, Charles Thompson. Desemba 1933 wakashuka Mombasa.

Hawakuja Tanganyika moja kwa moja. Walifikia kwanza kwenye shamba la Philip Percival, Potha, karibu na Machakos. Percival alikuwa mwindaji wa kulipwa mwenye jina kubwa Kenya nzima, mtu ambaye tangu mwaka 1909 alishawinda na Rais mstaafu Theodore Roosevelt. Pale shambani wageni walijizoeza kwa kupiga swala kwenye mbuga za Kapiti, kulenga shabaha na kuzoea jua. Ilikuwa kama picnic. Kisha Percival akawa kiongozi wao mpaka Arusha, Ngorongoro na Serengeti. Huko Hemingway akaugua tumbo la kuhara damu, ikabidi ndege ndogo imchukue hadi Nairobi. Kutoka kwenye ule ugonjwa alizaa hadithi yake maarufu ya mtu anayekufa akiiwaza Kilimanjaro. Akapona, akarudi porini.

Na hapo ndipo bifu lilipoanza, ingawa ni la kimya kimya. Bifu na Thompson, rafiki yake mwenyewe.

Hemingway akipiga kifaru, anarudi kambini kifua mbele, anakuta Thompson kapiga kifaru mkubwa kuliko wake, mkubwa hadi aibu. Huyu anahangaika, anasoma nyayo, anachambua upepo. Mwenzake anatoka kimya, anarudi na mnyama wa kutisha. Ukiwahi kwenda kwenye harusi na rafiki aliyevaa vizuri kuliko wewe bila hata kujaribu, unaelewa. Hemingway mwenyewe aliukubali wivu huo kwenye kitabu alichotoa mwaka 1935, Green Hills of Africa. Kwa hilo apewe haki yake, wanaume wengi wasingeandika.

Kitabu kinaanza kwenye kificho cha matawi, pembeni ya mahali ambapo tandala huja jioni kulamba chumvi. Watu wamekaa kimya, hakuna kukohoa. Ghafla linakuja lori bovu linapiga kelele kama mabati yanayoburutwa. Kwisha habari, tandala hakanyagi tena hapo siku hiyo. Mwenye lori ni mzungu mwingine, Muaustria aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, gari limemfia njiani. Huyu usimsahau, tutarudi kwake.

Lakini ndani ya kile kificho, Hemingway hakuwa peke yake.

Alikuwepo M'Cola, mbeba bunduki, Mkamba wa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwepo mwenyeji wa kutafuta nyayo ambaye kitabu kinamwita "Garrick". Garrick ni nani? Ni jina la mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 18. Hemingway alimpachika jina hilo kwa sababu ya mbwembwe zake, kila kitu kwake kilikuwa mchezo wa jukwaani. Kabla ya hapo alikuwepo mwingine aliyeitwa "Droopy", yaani mwenye kope zilizolegea. Huyu Hemingway alimpenda kweli, alimwona fundi wa pori kuliko wote. Fundi kuliko wote, na jina alilobaki nalo kwenye kitabu ni kope zake.

Halafu siku za mwisho, mambo yakiwa yameshaharibika, wakaja kambini watu kuleta habari. Mmojawapo ni mzee, anayeitwa tu "mzee". Walisema wanapajua mahali ambapo hakuna mzungu amefika kuwinda, kuna tandala na kuna palahala. Gari likapita pasipo na barabara. Vijana wa Kimasai wakawa wanakimbia sambamba nalo, wanacheka. Jioni hiyo hiyo mwenyeji mwingine wa eneo lile, aliyevaa shuka lake kama vazi la kale la Warumi, akawaongoza vichakani. Kitabu kinamwita "Mrumi". Basi. Mrumi ndiye aliyempeleka Hemingway mbele ya tandala wawili, madume yote, akayaangusha yote mawili kabla ya giza.

Hebu fikiria ilivyokuwa. Wiki nzima za kukaa penye chumvi, mafuta ya gari, dola za ami Gus, na Percival na ujuzi wake wote. Na jibu likawa kwa mtu aliyekuwa anaishi jirani na wale tandala siku zote.

Hapa kuna jambo la kuwa mwangalifu nalo. Mtu anaweza kusema Hemingway alikuwa na dharau tu. Siyo rahisi hivyo. Kwenye dibaji aliahidi kuwa hakuna mtu wala tukio la kubuni humo ndani, halafu akabadilisha majina hata ya wazungu. Percival akawa Phillips, au "Pop". Thompson akawa Karl. Mke wake mwenyewe, aliyeleta pesa, akawa herufi tatu tu, P.O.M. Kwa hiyo kila mtu alipata jina la bandia, sawa?

Sawa, lakini tafuta leo. Karl ni Thompson, dakika moja tu unapata jibu. Phillips ni Percival, shamba lake lilikuwa wapi, alizaliwa lini, vyote vipo. Barua zipo, tiketi za meli zipo, picha zina maelezo chini. Kuna watu wamepata shahada kwa kazi hiyo ya kufunua nani ni nani. Sasa mtafute Mrumi. Mtafute Droopy. Kinyago cha mzungu kinavuka, sura inaonekana. Cha msoma nyayo ukikivua hakuna kitu nyuma yake, kwa sababu hakuna aliyeandika jina la kwanza kabla ya kumpachika la pili. Hata "M'Cola" ni sauti tu iliyoandikwa na sikio la Kimarekani, kama vile tandala alivyoandikwa "tendalla" na palahala akawa "tarahalla".

Na haikuwa tabia ya mtu mmoja. Uwindaji wa nyara una daftari lake kubwa la rekodi, la kampuni ya Rowland Ward ya London, lililoanza mwaka 1892. Linaandika urefu wa pembe, mahali, na nani kapiga. Aliyeona nyayo asubuhi, aliyenusa upepo, aliyesema "subiri" wakati mgeni anataka kufyatua, huyo hana nafasi yake. Isitoshe, sheria za wanyamapori za mkoloni ziligeuza mambo: mgeni mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji, mwenyeji mwenye mishale aliyewinda nyama ya watoto wake bila kibali aliitwa jangili. Mtu yule yule, pori lile lile. Akikodishwa na mgeni anakuwa msaidizi, akienda mwenyewe anakuwa mhalifu.

Sasa yule Muaustria wa lori bovu. Kwenye kitabu anaitwa Kandisky, na anamshangaa Hemingway. Anashindwa kuelewa mtu msomi na mwandishi anapotezaje siku zake kumfukuza tandala. Yeye alikuwa anapenda nyimbo na ngoma za watu. Jina lake halisi ni Hans Koritschoner, mzaliwa wa Vienna. Baadaye alijiita Hans Cory na kuwa mtaalamu wa mila na jamii wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa cha sheria na mila za Wasukuma. Alikuwa mtu wa serikali ya mkoloni, hilo lisifichwe. Ila alikaa na wazee akawauliza, akaandika. Karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye maktaba, na wanafunzi bado wanazifungua.

Wazungu wawili walikutana jioni moja barabara ya Handeni. Mmoja aliondoka na pembe na mwaka 1954 akapata Nobel. Mwingine kwenye kile kitabu amebaki kama jamaa wa ajabu aliyefukuza tandala kwa kelele za lori.

Na zile pembe? Hemingway alizirudisha kambini kwa furaha ya mtoto. Kabla ya hapo alikuwa amehangaika na palahala, akapiga jike kimakosa na kumjeruhi dume aliyepotea vichakani. Walimtafuta wasimpate, na jambo hilo lilimuuma. Angalau tandala wawili alikuwa nao. Akafika kambini, akakuta Thompson naye ametoka kuwinda. Na tandala wa Thompson alikuwa mkubwa kuliko wote.

Februari hiyo hiyo wageni walishuka pwani wakaenda kuvua samaki Malindi. Wenyeji walibaki. Nchi ile leo ni wilaya ya Kiteto, na Mtera magharibi yake bado kuna mapori ya akiba ya Kizigo na Rungwa ambako wageni wanalipia kuwinda tandala, na mbele ya kila mgeni anatembea mtu anayetazama chini, anasoma mchanga. Kama yule Mrumi alikuwa na watoto, basi wajukuu zake wanalima mahindi na kufuga huko huko, na kama babu aliwasimulia kuhusu mzungu mwenye ndevu aliyerukaruka kwa furaha baada ya kupiga tandala wawili jioni moja, bila shaka aliisimulia kwa jina lake mwenyewe, na yule mzungu ndiye aliyepewa jina la utani.