Kuni za Rungwe zinachemsha mvua

Tukizungumzia nishati hapa Tanzania, mara nyingi tunazungumzia mkaa wa Dar es Salaam. Januari 2006 Serikali iliupiga marufuku, kelele zikawa nyingi, na marufuku yenyewe haikudumu. Tanuri la matofali la kijijini halina wa kulipigia kelele. Leo twendeni Kawetele, pale Tukuyu, tuone kuni zinakoishia.

Tuanze na mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wanyakyusa wa zamani walijenga kwa mianzi, udongo na nyasi, na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1879, alizisifia nyumba zao. Miaka ya 1930 Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey, aliwakuta vijana wakihama kwa wazazi na kujenga vijiji vya rika lao. Kujenga kulikuwa sehemu ya kukua, na hakukuhitaji tanuri.

Mwaka 1891 wakafika wamisionari wa Moravian na wa Berlin. Miaka ilivyokwenda, nyumba ya pembe nne, ya tofali la kuchoma na bati, ikawa ndiyo kipimo cha maendeleo. Mimi simlaumu mtu kwa hilo. Tofali bichi likipigwa na mvua ya Tukuyu linarudi kuwa tope. Kwa wenzetu wa kule kuchoma si mbwembwe.

Ila mvua hiyohiyo inayomlazimisha mtu kuchoma ndiyo inayomlia kuni. Ili tofali liive vizuri, joto lifike kama nyuzi 900. Kabla ya hapo moto unafanya kazi ya kukausha: maji yaliyobaki kwenye tofali yageuke mvuke, na maji yaliyomo kwenye kuni pia. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ule moshi mweupe mzito wa mwanzo, sehemu yake kubwa ni mvuke. Yaani tumekata mti ili tuchemshe mvua.

Jirani yake yuko mwingine mwenye tatizo hilohilo: chai. Wajerumani waliipanda Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Kilo moja ya chai kavu inatokana na kama kilo 4.5 za majani mabichi, kwa hiyo kilo 3.5 za maji lazima ziondoke kwa joto, na kwa miaka mingi joto hilo limetokana na kuni. Ndiyo maana penye chai hukosi kuona milingoti. Lakini kiwanda kina ardhi ya kupanda miti yake, na kikiwa makini kinakausha kuni bandani kwa miezi kabla ya kuzitia kwenye boila. Mfyatua matofali hana ardhi hiyo. Anafyatua kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, halafu anakimbizana na masika. Akichoma kabla matofali hayajakauka, anatumia kuni nyingi zaidi na bado ya pembeni hayaivi.

Hapa ndipo naona tunakosea tukidhani ufanisi wa nishati lazima uje na mtambo wa wafadhili. Banda la nyasi juu ya matofali na kuni ni teknolojia. Kuchoma kwa pamoja nako ni teknolojia: tanuri moja la matofali 10,000 lina eneo la nje dogo kwa karibu asilimia 20 kuliko matanuri mawili ya 5,000 yenye umbo lilelile, kwa hiyo joto linalopotea ni pungufu. Kule Kyela na Mbarali, kwenye mpunga, watu huchomea pumba, na mti unabaki umesimama.

Wapo wanaosema suluhisho ni tofali la kufungamana, la udongo na saruji, lisilochomwa. Ni zuri, ila saruji nayo imepita kwenye tanuri kule Songwe, na inanunuliwa kwa pesa taslimu. Kijana wa Kawetele ana udongo na nguvu zake.

Kwa hiyo kabla ya kumtungia sheria nyingine ya kumkataza kukata miti, tumuulize kwanza: banda la kukaushia lingekugharimu nini? Nadhani jibu ni rahisi kuliko semina moja ya mazingira pale Mbeya mjini. Wadau mnasemaje?