Ukoo Mzuri Peke Yake Hautoshi: Somo la Ng'ombe wa Shorthorn

Ndugu mfugaji, ukienda kununua dume la mbegu utaambiwa: "Huyu katoka ukoo wa washindi." Je, naye atashinda? Kabla hujatoa pesa, soma yaliyowapata wafugaji wa Shorthorn.

Mwaka 1822, Uingereza, George Coates alitoa kitabu kilichoandika baba na mama wa kila ng'ombe wa Shorthorn aliyemfahamu. Kabla ya hapo mnunuzi alitegemea maneno ya muuzaji. Kwa hiyo usidharau karatasi ya ukoo. Inakusaidia usiuziwe mnyama asiyejulikana alikotoka.

Shida ilianza watu walipoanza kununua jina. Thomas Bates wa Kirklevington alikuwa na ukoo aliouita Duchess. Aliwapandisha ndugu kwa ndugu ili damu isichanganyike. Ng'ombe walipendeza, lakini uzazi ukawa mgumu. Mwaka 1831 ilimbidi anunue dume wa zizi lingine, Belvedere. Huyo akamzaa Duke of Northumberland, aliyeshinda maonyesho ya Oxford mwaka 1839. Hata hivyo Bates alirudia mtindo wake: mama wa bingwa huyo alikuwa binti wa Belvedere huyohuyo.

Bates alifariki mwaka 1849, jina likabaki. Mwaka 1873, kwenye mnada wa New York Mills, Marekani, ng'ombe mmoja wa ukoo huo, Eighth Duchess of Geneva, aliuzwa dola 40,600. Hakuna maziwa wala nyama ya kurudisha pesa hiyo. Wengi wa ukoo huo walikuwa wazito kushika mimba, na baadaye bei zikaporomoka.

Wakati huo, Scotland, Amos Cruickshank alifuata njia nyingine. Alitaka ng'ombe mnene, mwenye miguu mifupi, anayenenepa mapema kwa malisho ya wakulima wa kawaida. Mwaka 1859 alizaliwa kwake dume aitwaye Champion of England. Maonyeshoni hakung'ara, lakini Cruickshank aliona umbo alilolitaka, akamweka. Ndama wake ndio waliojenga zizi lile, na damu yao ikaenea hadi Amerika.

Unaona basi: ukoo unakueleza mnyama alikotoka. Maonyesho yanakueleza anavyoonekana siku hiyo. Watoto wake ndio wanaokueleza anachorithisha. Ndama hupata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, lakini si nusu ileile kila mara. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Na hata mwenye urithi mzuri, akikosa malisho na dawa ya minyoo, hatafika popote.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dume:

1. Uliza mama yake alitoa lita ngapi, na alizaa kila baada ya muda gani.
2. Tazama ndama wake kama wapo, au ndugu zake.
3. Kagua miguu, kwato, macho na korodani. Mtembeze.
4. Hakikisha si ndugu wa majike yako. Dume asikae zizini hadi apande binti zake.
5. Karatasi nzuri iongeze bei kidogo tu, kama hayo mengine yapo.

Jina kubwa halikamuliwi. Nunua ng'ombe unayemwona, kisha soma karatasi yake.