Jua la Kununua, Ardhi ya Kubahatisha

Mwaka 1851, katika Bustani ya Wanyama ya London, nyoka mkubwa aina ya boa alimeza blanketi. Blanketi hilo alikuwa amewekewa makusudi, kwa maana watunzaji wa zama zile waliamini kwamba nyoka ni kiumbe wa baridi, na mwenye baridi hufunikwa. Lilikaa tumboni mwake wiki kadhaa kabla hajalitapika, watu wakacheka, magazeti yakaandika. Anayefuatilia historia ya ufugaji wa reptilia atakiona kisa hicho kwa jicho jingine, kwa sababu kimebeba maswali mawili ambayo mwenye kizimba hajaacha kujiuliza hadi leo: joto la mnyama litoke wapi, na chini yake patandikwe nini. Swali la kwanza limekwisha kujibiwa, tena kwa tarakimu. La pili bado linajibiwa kwa ubishi. Ninavyoona mimi, tofauti hiyo haikuletwa na ugumu wa maswali yenyewe. Joto la mjusi hutoka juani pamoja na mwanga; upungufu wa mwanga huo uliacha alama kwenye mfupa, na mfupa ukapimika. Sakafu haikupata bahati hiyo. Iliachiwa macho ya mtazamaji na ulimi wa muuza duka, na matokeo yake ni kwamba mpaka sasa inabebeshwa lawama ambazo nyingi ni za taa.

Mnyama anayezua ubishi huu zaidi siku hizi ni mjusi mwenye ndevu wa maeneo ya ndani ya Australia, Pogona vitticeps, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Mjerumani Ernst Ahl mwaka 1926. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wa kichwa chekundu wanaoota jua juu ya majabali ya Serengeti, na mwenendo wao haupishani sana. Asubuhi hupanda juu ya kisiki au nguzo ya uzio, hujibapa ili mgongo wote upate jua, na akishapata moto wa kutosha huteremka kutafuta wadudu na majani. Tangu miaka ya 1960 Australia imezuia biashara ya kusafirisha wanyama wake wa asili kwenda nje. Kwa hiyo mijusi hawa waliojaa majumbani Ulaya na Marekani ni uzao wa wachache waliotoka zamani, wakazalishwa vizazi kwa vizazi ndani ya vioo. Msomaji aliweke hilo akilini, kwani lina sehemu yake katika hoja.

London ilifungua jumba lake la reptilia mwaka 1849, la kwanza duniani kuwekwa kwa ajili ya umma, na kwa miaka mingi iliyofuata fikra iliyotawala ilikuwa ya joto peke yake. Mnyama ametoka nchi za joto, basi apashwe moto. Wafugaji wa nyumbani wa Uingereza na Ujerumani walipasha vizimba vyao kwa maji moto au kwa taa ya mafuta iliyowekwa chini ya sanduku, moto ukipanda kupitia sakafu. Mnyama ambaye porini jua lake liko juu na kivuli chake kiko chini aligeuziwa ulimwengu, akachomwa tumbo huku mgongo ukibaki na ubaridi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ukatili. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba katika jua mna mambo zaidi ya moja, na kwamba kuna moja ambalo jiko haliwezi kulitoa.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa watoto wa simba. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji John Bland-Sutton aliwachunguza wale wa Bustani ya London, waliokuwa wakilishwa nyama isiyo na mifupa wala mafuta, wakipata matege na kufa kila uzao. Aliagiza wapewe mifupa iliyosagwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, na katika muda wa miezi mitatu hivi wakapona. Nini hasa kiliwaponya hakuna aliyejua. Miaka 30 baadaye, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaangazia watoto wa binadamu wenye matege kwa taa ya zebaki, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa ikijaa chokaa upya. Alipoangazia mkono mmoja tu wa mtoto, na ule wa pili nao ukapona. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mwanga unatengeneza kitu katika ngozi ambacho damu hukisambaza mwili mzima. Kitu hicho ndicho vitamini D, na sehemu ya mwanga inayokitengeneza ni kipande chembamba cha miale ya urujuanimno ambacho jicho letu halikioni na kioo cha kawaida cha dirisha hakikipitishi. Mjusi aliyewekwa dirishani “apate jua” alikuwa anapata mwanga na joto, lakini dawa ilibaki nje ya kioo.

Aliyeyachukua maarifa hayo na kuyaingiza katika jengo ni Joan Procter, msimamizi wa reptilia wa London, ambaye jumba lake jipya lilifunguliwa mwaka 1927. Alitumia umeme kupasha sehemu mojamoja za kizimba badala ya kupasha hewa yote, na akaweka kioo maalumu kilichobuniwa kupitisha urujuanimno. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la kishujaa, ingawa kioo kile kilipoteza uwezo wake kadiri kilivyopigwa na jua, na jua la London wakati wa baridi halina mengi ya kupitisha hata pasipo kioo. Procter alifariki mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 34. Nusu ya pili ya fumbo ilifumbuliwa na Raymond Cowles, mzaliwa wa Natal, pamoja na Charles Bogert, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1944 juu ya reptilia wa jangwa la Marekani. Walionyesha kwamba mjusi hajiachii tu kupashwa na mazingira. Huchagua joto lake kwa kuingia juani na kutoka, na hata yule wa jangwani hufa upesi akinyimwa kivuli. Tangu hapo kizimba kizuri kikawa na ncha mbili, moja ya moto na nyingine ya ubaridi, mnyama akaachiwa hiari.

Zilibaki taa zenyewe. Mwaka 1969 Joseph Laszlo aliwaandikia watunzaji wenzake wa bustani za wanyama juu ya taa mbili mpya alizozijaribu kwa reptilia, na miaka ya 1970 taa za tyubu zilizodai kuiga jua zikaenea, japo urujuanimno wake ulikuwa haba. Taa zilizotengenezwa mahususi kwa mijusi ziliingia madukani miaka ya 1990. Mtu anaweza kusema kwamba basi biashara ndiyo iliyoleta mabadiliko, wala si mifupa. Sikubali. Biashara ilikuwepo muda wote, na kwa miaka mingi iliuza kilichokuja. Tazama yaliyowapata vinyonga wa Usambara na milima mingine ya Tanzania, waliopakiwa kwenda ng'ambo wakiwa bei rahisi. Tazama pia yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, ambaye watafiti walikadiria kwamba zaidi ya 32,000 walikamatwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kabla hajawekewa ulinzi wa juu kabisa wa kimataifa, na kabla Tanzania haijasimamisha usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Mnyama anayeweza kununuliwa mwingine kesho hapati mtu wa kuuliza amekufa kwa nini. Mjusi mwenye ndevu alikuwa na mlango uliofungwa nyuma yake. Aliyemtaka ilibidi amzalishe, na jike mwenye mifupa laini hatagi mayai ya maana. Ugonjwa wa mifupa ulimpiga mfugaji mfukoni, na hapo ndipo taa bora ilipopata mnunuzi.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi: kwamba vitamini D inauzwa kwa kopo, inanyunyizwa juu ya nyenje, kisha mjusi anaishi hata bila taa. Wapo walioishi hivyo, hilo halina ubishi, na kwa mijusi wa usiku hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini kwa huyu mwenye ndevu jambo limepimwa. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwagawa watoto wa mijusi hawa, wengine wakapewa vitamini mdomoni kwa viwango mbalimbali, wengine wakawekewa taa ya urujuanimno saa chache kwa siku. Waliopata taa walikuwa na akiba ya vitamini D katika damu mara 18 kuliko wale waliolishwa kiwango cha juu kabisa. Zaidi ya hapo, mdomo haujui kiasi, na vitamini ikizidi ni sumu, ilhali ngozi iliyo juani hujizuia yenyewe. Mwaka huohuo Gary Ferguson na wenzake walichapisha vipimo vya miale ambayo mijusi na nyoka huipokea kwa hiari yao porini, wakawagawa katika makundi manne. Leo mfugaji ananunua kipimo cha mkononi, anakiweka pale mgongo wa mjusi utakapokuwa, anasoma namba. Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyofichua, katikati ya miaka ya 2000, kwamba baadhi ya taa mpya zilitoa miale mikali isiyopatikana kabisa katika jua linalofika ardhini, na mijusi walikuwa wakifumba macho na kuacha kula. Kosa lilionekana kwa sababu lilikuwa na namba.

Sakafu haina namba. Mwanzoni ilitandikwa changarawe na blanketi. Kisha ukaja wakati wa usafi, vigae na magazeti, vitu vinavyofutika na kutupwa, kwa sababu maradhi na vimelea vilikuwa vimeua wengi. Heini Hediger, mkuu wa bustani za wanyama za Uswisi, alikwisha kuandika mwaka 1942 kwamba ubora wa mahali ni muhimu zaidi kwa mnyama kuliko ukubwa wa mahali hapo, ila kigae kilikuwa rahisi kuosha, na urahisi ukashinda. Biashara ya nyumbani iliposhamiri ukaingia mchanga. Sababu yake ilikuwa picha tu: Australia ni jangwa, jangwa ni mchanga, basi mwaga mchanga, na kama ni mwekundu ndivyo mteja anavyofurahi zaidi. Ulikuja hata mchanga wa chokaa, uliouzwa kwa madai kwamba mjusi akiumeza utamwongezea madini na kuyeyuka tumboni. Madaktari wa mifugo wakaanza kuona matumbo yaliyojaa chokaa hiyohiyo, imeganda.

Porini mjusi huyu hakai kwenye marundo ya mchanga mlaini. Makazi yake ni vichaka na misitu mikavu, na kwa sehemu kubwa anakanyaga udongo mgumu uliokaushwa na jua, wenye mawe, majani makavu na mashina yaliyoanguka. Hapo kucha hupata cha kukwaruza, na jike hupata mahali panaposhika umbo anapochimba shimo la mayai. Kwa hiyo wanaotetea mchanga kwa jina la uasilia wanatetea uasilia wa kwenye kadi ya posta. Lakini wanaoupinga nao, wakisema kila chembe ni kifo na kuishia kwenye kigae kitupu, wana swali la kujibu. Mnyama huyu na mababu zake wamelamba wadudu kutoka ardhini tangu zamani, na udongo wameumeza. Kwa nini matumbo yao hayakuziba?

Jibu lao la kawaida ni kwamba picha za eksirei hazidanganyi, na mchanga umeonekana tumboni. Ni kweli umeonekana. Picha hiyo hiyo, hata hivyo, mara nyingi ina mengine ya kusema. Mjusi asiyepata joto la kutosha, yaani pa kuotea jua penye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, hasagi chakula, utumbo wake hutembea polepole na kilichomo hukaa. Mjusi mwenye upungufu wa chokaa mwilini hudhoofika misuli, ya utumbo ikiwamo, na huanza kulamba udongo kwa kutafuta madini. Asiye na maji mwilini hukausha haja. Mpe huyo mchanga mlaini, naye ataziba. Mwondolee mchanga na kumwachia taa ileile hafifu, hataziba kwa mchanga. Atapinda mgongo na kuvunjika miguu miezi michache baadaye, na hakuna atakayekilaumu kigae. Sisemi kwamba sakafu haina kosa kamwe. Mchanga mkavu unaotiririka, mchanga wa chokaa na maganda ya mbegu ni uchaguzi mbaya hata chini ya taa bora, na kwa mtoto wa wiki chache, mwenye pupa na utumbo mwembamba, karatasi au kigae ni busara tupu, kama ilivyo kwa mgonjwa anayehitaji kinyesi chake kichunguzwe. Ninachokataa ni kuifanya sakafu kesi ya kwanza wakati taa haijahojiwa.

Udongo nao unapimika ukitakwa: ugumu wake, unyevu wake, joto la uso wake saa sita mchana, ukubwa wa chembe zake. Kazi aliyoifanya Ferguson kwa miale inaweza kufanywa kwa ardhi. Hadi hapo itakapofanywa, anayetaka kumweka mjusi huyu aanze kwa kununua taa ya tyubu yenye urujuanimno ipite juu ya nusu ya kizimba, balbu ya joto kwenye ncha hiyohiyo, na vipimo vya vyote viwili, akikumbuka kwamba miale ya tyubu hupungua kabla mwanga wake haujafifia machoni. Mambo hayo yakikaa sawa, mjusi mzima aliyekomaa awekewe udongo uliochanganywa na mchanga, ulowekwe, ushindiliwe, uachwe ukauke mpaka ukucha uukwaruze bila kuuvuruga. Asiye na pesa za taa asubiri kununua mjusi.