Betri ya sola hufa kwa njaa kabla ya uzee

BETRI nyingi za sola hazifi kwa uzee, bali kwa njaa. Familia huwasha taa na televisheni hadi betri imalizike kabisa, kisha huiacha siku kadha bila kuichaji. Matokeo yake ni gharama ya kununua nyingine mapema.

Betri zilizoenea katika nyumba zenye sola, na hata katika magari yenye vyumba vya kulala wasafiri, ni za risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikiwa na mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi. Umeme unapotumika, salfeti ya risasi hutanda juu ya mabamba. Betri ikichajiwa upesi, salfeti hiyo huondoka. Ikicheleweshwa, hugeuka fuwele ngumu na betri hupoteza uwezo wa kuhifadhi umeme.

Betri ya gari haifai kazi hii. Mabamba yake membamba yameundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ilhali ya betri ya sola ni manene na hustahimili matumizi ya saa nyingi.

Kipima volti ndicho shahidi wa kutegemewa. Betri iliyojaa, ikitulia saa kadha bila kuchajiwa wala kutumiwa, huonyesha takriban volti 12.7. Ikionyesha 12.1 imebakia nusu, na yafaa vyombo vizimwe. Chini ya 11.9, imekwisha.

Betri yenye vifuniko vya seli ikaguliwe kila mwezi. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa, si asidi wala maji ya mfereji. Huongezwa baada ya kuchaji. Lakini mabamba yakiwa wazi, yafunikwe kwanza kwa maji kidogo. Betri ikae kivulini, penye hewa na mbali na moto, kwani inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Joto nalo hufupisha maisha yake.

Betri inayojaa upesi na kuisha upesi imechoka. Zikiwa kadha zilizounganishwa, zibadilishwe zote pamoja, maana iliyo dhaifu huzidhoofisha nyingine. Wakati wa kubadilisha, paneli hutenganishwa kwanza, kisha waya wa hasi hutolewa kabla ya ule wa chanya. Wakati wa kurejesha, wa hasi huwa wa mwisho. Anayehamia betri ya lithiamu, isiyohitaji maji, ahakikishe kidhibiti chaji chake kinaiafiki.

Betri kuukuu isivunjwe nyumbani wala kumwagwa asidi shambani, bali ipelekwe kwa wenye leseni ya NEMA. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa sumu hiyo. Mwaka wa 2020 mahakama iliagiza wafidiwe Sh1.3 bilioni, na baada ya Mahakama ya Rufaa kubatilisha fidia hiyo, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Betri iliyokufa ingali na uwezo wa kudhuru walio hai.